Rejeta Baridi, Injini Inachemsha

Gari hili lilifika kwangu likivutwa, na hukumu yake ilikuwa imeshatolewa: gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya kichwa cha injini, yaani hedi, na mwili wake) imekwenda, injini ifunguliwe. Mwenyewe ni kijana aliyelinunua likiwa limetumika, miezi minne tu kabla ya hapo. Ni gari la michezo la viti viwili, la mwaka 2001, injini yake imekaa katikati nyuma ya viti na rejeta, inayopoza maji ya injini kwa upepo, iko mbele kabisa, puani. Mpangilio huu ndio wa Toyota MR2, Porsche Boxster na Lotus Elise, na una tabia zake: maji hutoka kwenye injini, yakapita chini ya sakafu kwa mabomba marefu hadi mbele, yakapozwa, kisha yakarudi safari ileile hadi nyuma. Safari hiyo ndefu ina sehemu kubwa katika kisa hiki.

"Fundi, nimeambiwa hedi ifunguliwe. Kabla sijakubali nataka jicho lingine."

"Sawa kaka. Ulichoambiwa kiweke kando kwanza. Nieleze ulichokiona wewe."

Alichokiona alikieleza vizuri kuliko wateja wengi. Kwenye foleni gari halina shida, hata likae saa nzima. Barabara tambarare kwa mwendo wa kawaida, halina shida. Likipanda mlima mrefu, au akilikimbiza kwa dakika kadhaa mfululizo, mshale wa joto unaanza kunyanyuka. Akipunguza mwendo unarudi. Siku ya mwisho hakupunguza kwa wakati, mvuke ukatoka nyuma, akazima injini na kuita gari la kuvuta. Kisha akaongeza jambo moja: "Na maji hayapungui, fundi. Kila asubuhi naangalia ile chupa ya akiba, iko palepale kwenye mstari."

Hilo la chupa niliandika kwenye daftari kama habari njema. Nilikosea, na nitarudi hapo.

Alikuja pia na bahasha ya karatasi za matengenezo alizopewa na aliyemuuzia. Zilisomeka hivi kwa mfuatano: mipira miwili ya maji imebadilishwa, themostati (vali inayofunguka kwa joto kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta) imeshughulikiwa, rejeta mpya, pampu ya maji mpya, mfuniko wa rejeta mpya. Yote haya ndani ya miezi minane. Karatasi kama hizi humtuliza mnunuzi, kwa sababu anaona kila kitu ni kipya. Mimi hunipa wasiwasi. Mtu habadilishi vifaa vitano vya mfumo mmoja ndani ya miezi minane kama kile cha kwanza kiliponya. Kila karatasi ni jaribio lililoshindwa, na nyuma ya karatasi ya mwisho gari limeuzwa.

Swali ninaloanza nalo kwa gari lolote linalochemsha ni lini linachemsha. Gari likisimama, upepo wa kupita kwenye rejeta unaletwa na feni peke yake. Kwa hiyo linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, naanzia kwenye feni, fyuzi zake, rilei na sensa inayoiwasha. Likiwa mwendoni upepo upo tele, feni haina kazi kubwa. Linalochemsha kwa kasi au kwa mzigo, yaani injini ikifanya kazi kubwa, lina upungufu wa maji yanayopita kwenye rejeta, au kuna joto linaloingia kwenye maji kupita kiasi. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja ya nishati ya petroli huishia kwenye maji ya kupozea, na ukipanda mlima umekanyaga mafuta, theluthi hiyo ni joto jingi mno. Hapo hata upungufu mdogo wa maji yanayozunguka utajionyesha.

Hata hivyo nilianza na gasketi, kwa sababu ndiyo hukumu iliyokuwa mezani na ndiyo inayogharimu. Gasketi ikipasuka kati ya silinda na njia ya maji, gesi ya moshi inasukumwa ndani ya maji. Nikaweka kile kichupa cha majimaji ya bluu kwenye mdomo wa kujazia maji, injini ikiunguruma, nikavuta hewa ya juu ya maji ipite ndani yake. Gesi ya moshi ingegeuza bluu kuwa njano. Dakika kumi, bluu ilibaki bluu ileile. Nikapima mgandamizo wa silinda zote nne: baa 12.8, 12.6, 12.9 na 12.7, zote zinakaribiana. Mafuta ya injini hayakuwa na rangi ya maziwa. Nikasukuma presha kwenye mfumo wa maji kwa pampu ya mkono hadi baa 0.9, ambayo ndiyo presha ya mfuniko wake, na injini ikiwa bado ya moto ikashika bila kushuka. Hedi haikuwa na sababu yoyote ya kufunguliwa.

Basi nikalitoa barabarani, kijana kando yangu ameshika mashine ya kusoma kompyuta ya gari, anataja namba kwa sauti. Hili ni muhimu, maana mshale wa dashibodi si wa kuaminiwa. Magari mengi mshale wake umepangwa usimtie dereva hofu: toka nyuzi themanini na kitu hadi zaidi ya mia moja, unakaa katikati bila kutikisika. Ukiuona umeanza kupanda, joto limeshapita zamani pale ulipopaswa kujua. Mjini alisoma 88, 90, 91. Tukaanza kupanda mlima kwa gia ya tatu, mizunguko kama 3,500 kwa dakika: 95, 99, 103. Mshale umelala katikati kama mtoto. 106. Kwenye 108 ndipo mshale ukatikisika. Kwenye 112 nikaegesha pembeni, injini nikaiacha iungurume.

Nikashuka na kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza kama tochi. Mpira unaoleta maji ya moto kwenye rejeta: 106. Mpira unaoyarudisha: 61. Nikapima tena nikidhani nimekosea. 61. Nikaweka kiganja juu yake, na kiganja kikavumilia kwa muda mfupi, huku nyuma injini inakaribia kutokota.

Tofauti ya nyuzi 45 mtu anaweza kuishangilia, akasema rejeta hii inapoza kweli. Ni kinyume chake. Maji yakipita kwa wingi kwenye rejeta hayapati muda wa kupoa sana. Wakati wa mzigo mimi hutegemea kuona tofauti ya nyuzi kumi, pengine kumi na tano. Yakipoa nyuzi 45 maana yake yanachuruzika polepole, machache, na hayo machache yanapoa mno. Rejeta ilikuwa nzima na ina nafasi ya kutosha. Haikuwa inapewa kazi.

Kwa nini maji hayafiki? Nikapitisha kipimajoto juu ya uso wa rejeta, juu hadi chini, kushoto hadi kulia. Rejeta iliyoziba huonyesha mabaka ya baridi mahali vijibomba vilipozibwa. Hii ilishuka joto taratibu na sawasawa, haikuwa na baka. Pampu? Nikaigusa mipira ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari, maji yalikuwa yanasukumwa kwa nguvu kila nikikanyaga mafuta. Pampu inafanya kazi.

Nikainua gari, nikalala chini yake kufuata yale mabomba marefu. Na hapo nikapata kitu kilichonipotezea nusu siku. Bomba la kurudisha maji, karibu na katikati ya gari, lilikuwa limebonyea. Mtu aliwahi kuweka jeki pale, jambo linalotokea sana kwa magari ya aina hii kwa sababu bomba lipo karibu kabisa na mahali jicho linapodhani ni pa kuinulia. Nikajiambia kisa kimekwisha: bomba limeminywa, maji hayapiti. Nikamwaga maji yote, nikafungua bomba pande zote mbili, nikatia maji ya bomba la bustani upande mmoja. Yalitoka upande wa pili yamejaa mdomo mzima. Bonyeo lilikuwa la milimita chache. Lilikuwa kovu tu, halikuwa kizuizi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulipenda jibu langu kabla sijalipima. Nalitaja kwa sababu bonyeo lile lilikuja kuwa na maana baadaye, ila si maana niliyoipa.

Kitu kimoja nilikipata katika kumwaga yale maji. Kitabu cha gari kinasema mfumo unabeba lita 12.5. Nilikinga lita 9.8. Kila mara kuna maji yanayobaki kwenye injini na kwenye hita, lakini lita 2.7 ni nyingi. Ndani ya mfumo kulikuwa na hewa.

Nikajaza tena, nikatoa hewa kadiri nilivyoweza, nikarudi mlimani. Safari hii ilifika 110 badala ya 112. Hewa ilikuwa sehemu ya tatizo, si tatizo lenyewe.

Kilichobaki ni kuuliza maji yanakokwenda, kwa kuwa pampu inasukuma na mbele hayafiki. Kila injini ina njia ya mkato, mafundi wengi huiita baipasi, inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Kazi yake ni ya asubuhi: injini ikiwa baridi, themostati imefunga njia ya rejeta, maji yanazunguka ndani tu hadi yapate joto. Kwenye injini hii njia hiyo ni mpira mfupi wa nje, unene wa kidole gumba, uko chini ya mdomo wa kuingizia hewa. Nikaupima: 108. Injini ikiwa ya moto kamili, mpira ule ulipaswa kuwa umefungwa kwa ndani, maji yaliyomo yamelala. Nao ulikuwa unatetemeka kwa maji yanayokimbia.

Nikachukua koleo la kubania mipira, nikazungushia kitambaa ili lisiukate, nikauminya mpira ule hadi ukafunga. Kisha nikaziba vizuri, tukarudi mlimani, gia ileile, mizunguko ileile. Kijana alisoma: 93, 94, 94, 95, 94. Tulifika kileleni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umefanya nini, fundi?" Nilichofanya ni kuziba njia moja tu, kwa kitambaa na koleo. Hilo ndilo jaribio ninalolithamini kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu halikubadilisha kifaa chochote, na liligeuza jibu papo hapo.

Injini ilipopoa kabisa nikafungua nyumba ya themostati. (Isipopoa, usifungue chochote, hata mfuniko. Maji ya nyuzi 110 yanakaa maji kwa sababu ya presha tu. Ukiiachia, yanageuka mvuke usoni pako.) Boliti tatu, nikavuta kifuniko, ndani mlikuwa na pete ya mpira peke yake. Themostati haikuwemo. "Imeshughulikiwa" kwenye ile karatasi ilikuwa na maana ya kutolewa.

Kutoa themostati kwenye gari linalochemsha ni dawa ya zamani na mafundi wengi wanaiamini kwa dhati. Hoja yao inaeleweka: themostati ni mlango, ukiung'oa maji yanapita bila kikwazo, gari litapoa. Kwa injini ambayo themostati yake ni mlango mmoja tu, huenda likapoa kweli, ingawa litachelewa kupata joto asubuhi, litakula petroli zaidi na injini italika mapema. Lakini injini nyingi, hii ikiwemo, themostati yake ina milango miwili. Juu kuna sahani inayofungua njia ya rejeta. Chini, kwenye mguu wake, kuna sahani ndogo yenye springi, na hiyo, kadiri ile ya juu inavyofunguka, inashuka na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa themostati umeondoa vyote viwili. Njia ya rejeta imekuwa wazi, ndiyo, lakini na njia ya mkato imeachwa wazi moja kwa moja.

Maji hufuata palipo rahisi. Kwenye gari ambalo rejeta iko kando ya injini, njia ndefu si ndefu sana, na gari laweza kuvumilia. Kwenye hili, maji yana chaguo la kupita mpira mfupi wa kiganja kimoja au kusafiri hadi puani mwa gari na kurudi. Mengi yalichagua mpira mfupi. Mjini joto ni dogo, hivyo yale machache yaliyofika mbele yalitosha. Mlimani hayakutosha. Ndiyo maana rejeta mpya haikusaidia, na pampu mpya haikusaidia: pampu yenye nguvu zaidi inasukuma maji kwa nguvu zaidi pande zote mbili, mkato ukiwemo.

Nikaagiza themostati. Ya kwanza iliyoletwa ilikuwa ya kipenyo sawasawa na nyuzi sawasawa, 82, ila haikuwa na sahani ya chini. Ingekaa vizuri kabisa kwenye nyumba yake, na gari lingechemsha vilevile. Niliirudisha. Ya pili ilikuwa na mguu na sahani yake. Niliining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni mwa karakana, kipimajoto kando yake, moto mdogo. Kwenye 82 ilianza kuachia, mstari mwembamba wa kivuli pembeni mwa sahani. Kwenye 95 ilikuwa imefunguka kabisa, milimita tisa, na sahani ya chini imeshuka kadiri hiyohiyo. Kijana aliiangalia muda mrefu. Nadhani ndipo alipoelewa, kuliko nilipomwelezea.

Lakini aliyeitoa themostati ya kwanza hakuitoa kwa kupenda. Gari lilikuwa tayari linachemsha. Kwa nini? Nisipolijua hilo ningelirudisha gari likiwa na ugonjwa wake wa awali.

Ndipo nikarudi kwenye ile chupa ya akiba ambayo haikuwahi kupungua. Chupa ile haitakiwi kukaa palepale. Maji yakipata moto yanatanuka, yanasukuma mfuniko na ziada inaingia kwenye chupa. Yakipoa yanasinyaa, na vali ndogo katikati ya mfuniko inayanyonya kutoka kwenye chupa kuyarudisha. Chupa isiyopanda wala kushuka inasema injini ikipoa inanyonya kitu kingine. Na kitu hicho ni hewa, inayoingia mahali fulani palipo rahisi kuliko vali.

Nilirudia jaribio la presha, mara hii asubuhi, injini baridi kama jiwe. Kutoka 0.9 ilishuka hadi 0.6 kwa dakika ishirini. Siku ya kwanza nilikuwa nimepima injini ya moto, mipira imetanuka na kubana, ikashika. Kosa langu. Nikaingia chini na taa. Pale kwenye kiungo cha bomba na mpira, sentimita chache kutoka kwenye lile bonyeo la jeki, kulikuwa na ukoko mkavu wa kijani kibichi, mwembamba kama chumvi kwenye mdomo wa chombo. Jeki iliyobonyeza bomba ilikuwa pia imelisogeza, na klipu ya mpira ilikuwa imeegemea ukingoni, nusu yake inabana bomba na nusu haibani kitu. Usiku, injini ikipoa, ilivuta hewa hapo.

Kwa hiyo mfuatano wake, nionavyo mimi, ulikuwa huu: jeki iliwekwa mahali pasipo pake. Kiungo kikalegea, hewa ikaanza kuingia kidogo kidogo kila usiku. Hewa ikajikusanya, gari likaanza kuchemsha. Mipira ikabadilishwa, lakini ile miwili inayoonekana juu, si hii ya chini. Halikupona, themostati ikatolewa. Likazidi. Rejeta, pampu, mfuniko, mnunuzi mpya.

Nilikata kipande cha mpira kilichochakaa, nikaweka kipya, nikarudisha klipu nyuma ya ule mwinuko wa bomba, inapopaswa kukaa. Kisha kazi ya kutoa hewa, ambayo kwa mpangilio huu haiharakishwi: hita imefunguliwa hadi mwisho, skrubu ya hewa juu ya rejeta imelegezwa, unajaza taratibu kwa nyuma na msaidizi anaangalia mbele hadi mapovu yakome na maji yatoke kwa uzi mmoja usiokatika. Tulirudia mara nne. Mfumo ulimeza lita 12.2.

Mlimani, gia ya tatu, mizunguko 3,500: 91, 92, 93, 92. Mpira wa kwenda kwenye rejeta 91, wa kurudi 80. Kiganja changu safari hii hakikukaa.

Kabla hajaondoka nilibandika kipande cha utepe kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji yakiwa baridi. Siku ya tatu akapiga simu asubuhi, sauti ina wasiwasi kidogo. Jana jioni alipoegesha, maji yalikuwa juu ya utepe kwa vidole viwili. Leo yamerudi kwenye utepe. Nilimwambia aendelee kuliendesha.